NENO NA MAANA YAKE: Kiyunani kwa Mwenye Kiurdu

Swali la juma hili limeulizwa na mzee mmoja wa hapa Magara, naye ameningoja muda mrefu. Nimelichelewesha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba swali lenyewe ni pana. Ya pili ni kwamba nilipata kulijibu kwa mdomo, dukani kwake, na ingawa kila neno nililosema lilikuwa la kweli, jibu lile nusura limwue mtoto. Mwenyewe ameniruhusu nieleze yote, ila jina lake nisilitaje. Kwa hiyo leo nafundisha somo na kulipa deni kwa pamoja.

Mzee huyu ana duka karibu na barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Huuza vitenge, sabuni, chumvi na mafuta ya mawese. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Uvira, kwa wazazi waliotoka Punjab, na lugha ya nyumbani kwake ni Kiurdu. Wasomaji wengi wa mwambao huu waliisikia lugha hiyo kwa askari wa Pakistan waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa hapa Burundi kati ya mwaka 2004 na 2006. Huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto. Kiswahili cha mzee ni kizuri kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa nacho, lakini Kifaransa hakukisoma.

Jioni moja nilimkuta ameshika daftari la mjukuu wake wa kiume, aliye darasa la nane. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu amenishinda. Kila ukurasa una neno linaloishia na lojia. Nikimwuliza ni lugha gani, anasema Kifaransa. Mwalimu wake naye amewaambia ni Kigiriki. Mimi ni babu yake, nami sina hata neno moja la lugha hiyo la kumsaidia."

Nilimjibu, "Mzee, unayo mengi. Kigiriki kimo kinywani mwako tangu unyonyeshwe." Naye akacheka, akaniita Aflatun.

Hebu tuanzie hapo, ndugu msomaji, maana katika mzaha huo mlikuwa na jibu.

Aflatun ni jina la Plato, mwanafalsafa wa Athens aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Kwa Kigiriki chao aliitwa Platon. Katika Kiurdu cha kila siku, mtu anayejiona mwenye akili kuliko wenziwe huambiwa amejifanya Aflatun. Jina hilo lilibadilikaje? Kiarabu, ambacho ndicho kilichokuwa daraja, hakina sauti ya "p", kwa hiyo "p" ikageuka "f". Tena Kiarabu hakipendi neno lianze kwa konsonanti mbili zilizofuatana, kwa hiyo likatangulizwa "a". Basi Platon akawa Aflatun. Kwa njia hiyo hiyo Aristoteles akawa Arastu, na Hippokrates, baba wa utabibu, akawa Buqrat. Tena Kiarabu hicho huigeuza "g" kuwa "j": Galenos tabibu akawa Jalinus, na genos, yaani ukoo au kizazi, likawa jins, ambalo kwetu ni jinsi.

Mwenye Kiurdu akizishika kanuni hizo tatu ana funguo tatu mkononi. Akiona geographia, hana haja ya kuogopa: Kiurdu chake husema jugrafiya. Akiona philosophia, yaani kupenda hekima, anayo falsafa, nasi pia tunayo. Akiona klima, anayo iqlim.

Tusemeje basi, Kigiriki au Kiyunani? Yote mawili ni sawa. Wenyewe hawajiiti kwa jina lolote kati ya hayo: nchi yao huiita Ellada, na lugha yao ellinika. Warumi waliwaita Graeci, na kutoka huko Wazungu wakapata majina yao, nasi tukapata Kigiriki. Watu wa mashariki walikutana kwanza na Wagiriki wa pwani ya Ionia, ambayo leo imo katika nchi ya Uturuki, na kutoka jina Ionia wakapata Yunan. Ndiyo maana Kiurdu husema Yunani, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version husema Kiyunani. Majina hayo mawili ni milango miwili ya nyumba moja. Mzee wangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Wazungu, akasahau kwamba ufunguo alio nao ni wa mlango wa pili.

Sasa tuzitazame herufi. Mtoto yeyote aliyepita madrasa hapa mwambaoni amesikia mpango wa abjad: alif, be, jim, dal. Mgiriki husema alpha, beta, gamma, delta. Endelea mbele katika abjad utakuta kaf, lam, mim, nun. Mgiriki anazo kappa, lambda, mi, ni, kwa utaratibu huo huo. Hata hesabu zake ni zile zile. Alif ni 1, na alpha ni 1. Kaf ni 20, na kappa ni 20. Lam ni 30, na lambda ni 30. Mim ni 40. Nun ni 50. Sababu ni kwamba Wagiriki walizipata herufi zao kwa Wafoinike, wafanya biashara wa baharini waliokaa pwani ya Lebanon ya leo, na herufi za Kiarabu zimetoka katika ukoo huo huo wa maandishi. Wagiriki waliongeza jambo moja kubwa. Baadhi ya herufi ambazo lugha yao haikuzihitaji kama konsonanti wakazifanya irabu, hivyo neno likaandikwa na sauti zake zote. Msomaji wa Kiurdu, ambaye amezoea kukisia irabu fupi, ataona Kigiriki kimemrahisishia kazi, ila tu azoee kuanza kushoto.

Baada ya herufi, tuangalie undugu. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: udugu wa damu na mkopo wa jirani.

Kigiriki na Kiurdu ni ndugu wa damu, ingawa wa mbali. Mwaka 1786, huko Calcutta, jaji Mwingereza aitwaye William Jones alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kiasi kwamba lazima zilitoka chimbuko moja. Kiurdu ni cha uzao wa upande wa Kisanskriti, na kimelelewa kwa maziwa ya Kiajemi, ambacho nacho ni wa ukoo huo. Sikiliza hesabu za Kigiriki cha zamani: duo, treis, pente, hepta, okto, deka. Kiurdu husema do, tin, panch, sat, ath, das. Juma kwa Kiurdu ni hafta, kutokana na haft ya Kiajemi, yaani saba, nayo ni dada wa hepta. Jina kwa Kigiriki ni onoma, kwa Kiurdu ni nam. Baba ni pater kwa Kigiriki, na katika Kiurdu cha vitabuni ni pidar. Kiswahili chetu na Kirundi hazimo katika udugu huo. Sisi ni wa ukoo wa Kibantu, na mbili, tatu, nne zetu zina mababu wengine.

Mkopo wa jirani ni jambo jingine, na humo nasi tumo. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, wataalamu walivigeuza vitabu vya Kigiriki kuwa vya Kiarabu. Mashuhuri kati yao ni Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefariki mwaka 873, ambaye alifasiri kazi nyingi za Jalinus. Kutoka Kiarabu maneno yalipanda hadi Kiajemi na Kiurdu. Mengine yalishuka na majahazi hadi pwani yetu, kisha yakafuata misafara hadi ziwa hili. Ndiyo sababu mzee wa Magara na mvuvi wa Rumonge wanatamka maneno yale yale ya Kigiriki bila ya kujua.

Kalamu: Wagiriki walisema kalamos, yaani tete, kwa sababu kalamu ya kwanza ilikuwa tete iliyochongwa. Kiurdu husema qalam. Karatasi: khartes, jani la mafunjo la kuandikia, Kiurdu cha washairi husema qirtas. Kanuni: kanon, fito nyoofu ya kupimia, Kiurdu qanun, yaani sheria. Almasi: adamas, kisichoshindika, Kiurdu almas. Dirhamu: drakhme, yaani kiasi cha kujaa mkononi. Injili: euangelion, habari njema, Kiurdu Injil. Fanusi: phanos, taa; Kiurdu fanus.

Neno hili la mwisho lina nafasi yake hapa kwetu. Katika miaka ya 1950, Wagiriki waliokaa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walianzisha katika ziwa hili uvuvi wa vyombo vikubwa, wenye nyavu za kuzungushia na taa za kuwaita ndagala usiku. Mmoja wa samaki tunaowaita ndagala huitwa na wataalamu Limnothrissa: limne ni ziwa, na thrissa ni samaki mdogo wa jamii ya dagaa wa baharini. Basi mama anayeanika ndagala kwenye mchanga wa Magara anaanika Kigiriki.

Ama ile lojia iliyomtesa babu na mjukuu, imetokana na logos, yaani neno au maelezo. Biolojia: bios ni uhai, kwa hiyo ni maelezo ya uhai. Jiolojia: ge ni ardhi. Ekolojia: oikos ni nyumba, kwa hiyo ni elimu ya viumbe na makao yao. Mtoto akijua vipande 20 vya namna hiyo, atafungua maneno 200 bila ya kukariri.

Mzee aliyasikiliza hayo kwa siku nyingi, jioni baada ya jioni. Mjukuu naye alikuja na daftari lake. Nilimwona babu akikaa wima zaidi kwenye kiti chake. Si jambo dogo, ndugu msomaji, mzee aliyekuwa akifichwa madaftari kwa kuwa "hajui" kuwa ndiye anayeulizwa.

Hatimaye tukafika kwenye dawa. Katika nchi za Pakistan na India mpaka leo kuna utabibu uitwao Tibb-e-Yunani, yaani utabibu wa Kigiriki. Una vyuo, una viwanda vya dawa, na Pakistan iliuwekea sheria yake mwaka 1965. Msingi wake ni mafundisho ya Buqrat na Jalinus, yaliyokusanywa na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu ambacho jina lake lenyewe, Qanun, lina Kigiriki ndani yake. Wanasema mwili una maji manne: damu, balghamu, safra ambayo ni nyongo ya njano, na sauda ambayo ni nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu huwa mzima, yakipotoka, huugua. Kiswahili nacho kina mabaki ya mafundisho hayo. Balghamu tunaijua, ni makohozi, kutoka phlegma ya Kigiriki. Wazee wa pwani hutaja hari, baridi, yabisi na rutuba. Na safura tunayo pia, ingawa kwetu ni jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu uletwao na minyoo.

Mzee alilijua somo hilo kuliko mimi, kwani mama yake alikuwa na chupa za sharbati kwa kila moja kati ya maji hayo manne. Akaniuliza juu ya neno malikhulia, ambalo kwa Kiurdu ni huzuni nzito ya moyo. Nikamweleza kwa furaha: melas ni nyeusi, khole ni nyongo, melankholia ni nyongo nyeusi, ndiyo sauda yenu.

Siku zile mvua zilikuwa nyingi, na radio ilikuwa imetangaza kwamba kolera imeonekana mwambaoni. Mzee akauliza, "Na kolera, Mwalimu? Nasikia humo mna khole pia."

Nikamjibu, "Hujakosea. Wagiriki walisema kholera, na wengi hulirudisha neno hilo kwenye khole. Ni nyongo. Ni ile safra ya matabibu wako."

Akaniita Aflatun kwa mara nyingine, nami nikaenda nyumbani nimeridhika.

Siku ya tatu yake, jioni, mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 9, alianza kuharisha maji matupu, kisha kutapika. Bomba la mtaani lilikuwa limekauka, na watoto walikuwa wameteka maji ziwani na kuyanywa njiani. Mzee hakuwa mzembe. Alifikiri, akakumbuka tuliyozungumza. Kama ugonjwa ni nyongo, basi mwili unaitoa nyongo, na si vizuri kuuzuia. Alimpa sharbati ya ukwaju kidogo kidogo, ipoze safra. Alipoomba maji mengi walimnyima, ili tumbo lipumzike. Wakangoja nyongo iishe.

Haikuisha. Baada ya usiku wa manane bibi yake alimvuta ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na sauti imekauka. Bibi hakuuliza la mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akamwamsha kijana wa pikipiki, wakaenda kituo cha afya. Aliwekewa maji ya mshipani katika mikono yote miwili. Mwuguzi alisema kwamba kama wangengoja kuche, wangemleta maiti. Mtoto alipona, na leo anaruka kamba mbele ya duka.

Nilipokwenda kuwapa pole, mzee hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, uliniambia ni nyongo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesomea ualimu, nina cheti, na mwalimu hufundishwa kwamba asiondoke darasani kabla ya kuuliza wanafunzi wameelewa nini. Mimi niliulizwa juu ya neno, nikajibu juu ya neno. Niliona kwamba habari ya ugonjwa ni kazi ya wauguzi. Sikufikiri kwamba mtu anayeuliza maana ya kolera wakati kolera ipo mtaani haulizi kwa ajili ya kamusi.

Basi hili ndilo nililopaswa kulisema siku ile, nalisema leo mbele ya wasomaji wote: asili ya neno si maana yake, na tena si sababu ya kitu kile kinachotajwa. Asili yatuambia watu wa kwanza waliolitumia neno walifikiri nini. Yawezekana walifikiri sawasawa, na yawezekana walikosea. Wagiriki waliita atomos kitu kisichokatika, na leo watu wanaikata atomu na kuwashia taa za miji. Waitaliano waliita malaria, yaani hewa mbaya, nasi twajua kwamba ni mbu. Hata kalamu mfukoni mwangu haina tete ndani yake. Neno ni kama mtumbwi wa zamani uliopewa injini mpya: jina limebaki, lakini kinachousukuma ni kingine.

Kolera, ambayo Kiswahili huiita kipindupindu na Kiurdu haiza, haina uhusiano na nyongo. Mwaka 1854, mjini London, tabibu John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, akiwa Calcutta, alieleza kijidudu chenyewe kinachosababisha. Huku kwetu, James Christie, tabibu aliyekaa Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kinachoonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyofuata njia za biashara za Afrika ya Mashariki. Hapa Burundi ulionekana mwaka 1978, na tangu hapo umekuwa ukirudi mara kwa mara katika mwambao wa ziwa, hasa pale watu wanapokunywa maji ya ziwa bila ya kuyachemsha. Kijidudu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Kinachoua ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na hilo laweza kutokea kwa saa chache tu.

Kwa hiyo mama na baba wa nyumbani, kateni sehemu ifuatayo muibandike jikoni.

Mtu akianza kuharisha maji mengi, mpeni maji ya chumvi na sukari tangu mara ya kwanza, wala msingoje. Pakiti ya dawa hiyo ikiwapo, fuateni maelekezo yake. Isipokuwapo, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni sukari vijiko vidogo vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo cha chai. Msizidishe chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo bila ya kukoma. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwanze tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Wakati mnamnywesha, mwingine atafute njia ya kwenda kituo cha afya, na hata njiani mwendelee kumnywesha. Maji ya kunywa yachemshwe; mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kugusa chakula; choo kisiwe karibu na maji.

Dawa hiyo ndogo ya chumvi na sukari ina historia inayompa fahari mzee wangu. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowajaza wakimbizi mpakani mwa India, kipindupindu kiliingia kambini na maji ya mshipani yakaisha. Tabibu Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji ya sukari na chumvi, na ndugu zao wawanyweshe. Waliokuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa mia walipungua wakawa chini ya 4. Nilimsomea mzee habari hiyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe sharbati ilikuwapo. Mimi nilichukua chupa isiyo yake."

Mtauliza, je, basi tuache kuchimbua asili za maneno? La, hasha. Tiba ya Yunani nayo sikuitaja kwa kuidharau. Ina miti na hekima ambayo wataalamu wanaendelea kuichunguza. Ninachosema ni kwamba kila kitu kiwekwe mahali pake. Asili ya neno humsaidia mtoto kukumbuka, humfungulia mlango wa neno jingine, na humwonyesha kwamba lugha ya mgeni ina ndugu zake nyumbani kwao. Humrudishia babu nafasi yake mbele ya mjukuu. Hayo ni mengi, na yatosha. Likija suala la uhai, tumwulize mwenye kujua jambo lenyewe, wala si mwenye kujua jina lake tu. Nasi tunaojua majina, tukiulizwa, tuulize na sisi: "Unataka kulitumia kwa kazi gani?"

Juma lililopita nilipita tena dukani. Mjukuu wa darasa la nane alikuwa ameandika kwa chaki, kwenye ubao ambao babu yake huandikia bei ya mawese, alpha hadi omega. Na chini ya kila herufi iliyo na ndugu yake katika abjad, babu alikuwa ameandika ndugu huyo. Kando yake, kwa Kiswahili, palikuwa na maneno ya bibi: sukari 6, chumvi nusu, maji lita 1. Wateja walikuwa wakiusoma wote kwa pamoja. Mtoto wa kike alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu."

Mzee aliniagizia chai, akanisogezea kiti. Tangu usiku ule hakuwa ameniita jina lile la utani. Nilipokwisha kunywa na kuaga, alisema, "Karibu kesho, Aflatun. Lakini uje na maelezo kamili."

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako mna neno linalokusumbua, liandike, na uongeze mstari mmoja wa kueleza kwa nini walitaka. Nitajibu yote mawili, Mungu akipenda.

Hadi juma lijalo, kwa herini.